Mjane wa Kukodi

Sehemu ya Tisa

Kama wiki jana uliazima gazeti la jirani akakunyang'anya kabla hujafika mwisho, mambo yalisimama hivi. Waceke, yule binti wa Gatuanyaga aliyemshawishi Mreno aje kujenga kiwanda cha nyanya huku kwetu, alimpeleka mgeni wake Witeithie kuzindua ujenzi. Jembe limefungwa utepe, mchungaji amevaa kola. Kufika kwenye ploti wakakuta kaburi bichi katikati ya uwanja na mjane ameliangukia akilia, waombolezaji wamemzunguka. Kando ya kaburi, Mheshimiwa Mwas, mwakilishi wadi, akanyoosha kidole kinene.

"Hapa hapajengwi," alisema. "Hakuna kiwanda kinajengwa juu ya maiti."

Waceke aliutazama udongo. Juzi tu alikuwa amesimama mahali hapo hapo, na hapakuwa na kitu ila nyasi na mbuzi wawili wa jirani.

"Ni nani amezikwa hapo?" aliuliza Mreno. Jina lake Duarte Salema, mwembamba, nywele za mvi, viatu vya ngozi vilivyoanza kunywa vumbi letu. Walizungumza Kiingereza, lakini gazeti ni letu, kwa hiyo utapata yote kwa Kiswahili.

"Sijui," alijibu Waceke.

"Uliniambia ardhi haina tatizo."

"Haina! Hati tunayo. Tulifanya search kwenye ofisi ya ardhi mara tatu."

"Basi search haikufika chini ya udongo."

Waceke alikuwa akimtazama Mwas, na Mwas alikuwa akimtazama yeye, na midomo ya Mheshimiwa ilikuwa na kile kitabasamu cha mtu aliyekwisha kula na sasa anachokonoa meno.

Ugomvi wao haukuanza leo. Kiwanda kilipotajwa tu, Mwas alikuja akitaka hisa "za jamii." Jamii yenyewe ilikuwa yeye, mkewe na tumbo lake. Waceke, ambaye Duarte alimfanya meneja wa mradi, alimwambia hapana mchana kweupe. Tangu siku hiyo ombi la maji likapotea. Leseni ya mazingira ikalala kwenye droo ya mtu ambaye kila siku yuko semina. Barabara ya kuingia kwenye ploti ikachimbwa mtaro ambao hakuna aliyejua umeagizwa na nani. Na sasa kaburi.

"Kwani kaburi haliwezi kuhamishwa?" Duarte alinong'ona.

"Kwetu kaburi ni hati kuliko hati. Karatasi unaweza kupinga kortini. Maiti utaipinga namna gani?"

Duarte alishusha pumzi. "Nimejenga viwanda nchi tatu. Nimeona mafaili yakipotea. Sijawahi kuona maiti ikitokea." Akaangalia saa yake. "Leo nazungumza na wenzangu kule Lisbon. Kama hali ndiyo hii, nitawaambia tufunge."

Tufunge. Neno dogo hilo lilimchoma Waceke kama sindano ya ng'ombe, kwa sababu nyuma yake, kando ya lori la kijani, walikuwa wamesimama wakulima wa Ngoliba pamoja na mwenyekiti wao, Kyalo. Watu hao walikuwa wameng'oa mahindi. Wamechimba visima. Wamepanda kwenye vitalu ile miche ya nyanya za kiwanda, nyanya ngumu ambazo hakuna mama mboga wa Thika angezigusa. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya Duarte. Walifanya hivyo kwa sababu Waceke alisimama kanisani, mama yake akiwa kwenye benchi la mbele, akasema, "Soko likikosekana, mje mlangoni kwangu."

Mgeni akipanda ndege, mlango watakaoujia ni huo.

Kusema kweli Waceke hakuwa na mpango wowote alipomwendea yule mjane. Alilelewa na mama mwenye adabu, basi. Ukikuta mtu analia kaburini unampa pole, hata kama kaburi limekuharibia maisha. Alipiga magoti kwenye udongo, akamshika mkono.

"Pole sana, maitu, mama."

"Woooi, Muriithi wangu!" mjane alipaza sauti. "Umeniachia nani!"

"Mungu atakufariji. Mlijaliwa watoto?"

"Sita, mami. Sita!"

"Kifungua mimba ni nani, tumwite aje akushike?"

"Ni Gitau. Ako Githurai, anauza mitumba."

"Na kijana anayemfuata?"

"Njogu. Huyo nilimpatia jina ya baba yangu." Mjane alipangusa pua kwa leso. Alikuwa amechangamka kidogo, kama mzazi yeyote akiulizwa habari za wanawe.

Waceke aliinua macho, yakatua msalabani. Rangi nyeupe ilikuwa bado inanata. Maandishi yalisema: MURIITHI WA KANG'ETHE. LALA SALAMA BABA.

Wewe msomaji wa Murang'a, ruka mistari hii miwili. Wengine ngojeni niwaeleze. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba ya mume, na wa pili jina la baba ya mke. Hilo halipigiwi kura. Mwanamke wa umri wa yule mjane angeanza kuruka jina la baba mkwe, angerudishwa kwao na kiti chake kichwani.

"Maitu," alisema Waceke polepole, "na Kang'ethe alizaliwa wa ngapi?"

"Kang'ethe gani?"

Waceke alimwonyesha msalaba kwa kidole.

Kisha bibi mmoja wa hapo Witeithie, Cucu Wakonyo, aliyekuwa ameegemea ua wa seng'enge kuangalia sinema ya bure, aliangua kicheko. "Haiya! Aterere! Mzee ni wa Kang'ethe, na watoto sita, na hakuna Kang'ethe? Huyo Gitau ni wa bwana mgani?"

Wanawake walianza kugeukiana. Mwas aliona maji yanazidi unga, akadakia. "Hiyo ni mambo ya kitambo! Siku hizi watu wanaita watoto Tyrone, wanaita Jayden!"

"Siku hizi ni wewe!" Cucu Wakonyo alimkata. "Huyu mama ni rika langu. Jayden atoke wapi?"

Mjane alimgeukia Mheshimiwa, machozi yamekauka ghafla. "Sasa wewe, mimi niliambiwa nikuje kulia. Si nimelia? Hakuna mtu aliniambia kuna interview."

"Hata sisi," alisema mmoja wa waombolezaji, msichana aliyevaa fulana nyeusi ya msiba, jina lake Janice, huku akitafuna chingamu. "Form ilikuwa kulia kiasi halafu bus iturudishe Githurai. Maswali ni job ingine, buda."

Kicheko kilipasuka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwas ilikuwa imeishia hapo hapo mbele ya watu. Mtu mwenye haya angeingia garini, arudi nyumbani akajifunike blanketi.

Mwas hakuzaliwa na haya. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mwalimu aliyefelishwa na wanafunzi.

"Sawa. Mjane ni wa uongo. Kumbe kuna watu wameteka msiba huu. Lakini kaburi si mjane. Kaburi ni kaburi. Chifu, wacha nisiongee mimi. Sheria inasema aje?"

Chifu alikuwa amejificha nyuma ya mchungaji. Alisogea hatua moja, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Bila amri ya korti, mtu asiguse," alinong'ona.

"Umesikia?" Mwas alimwendea Waceke mpaka akasikia manukato yake. "Nenda korti. Kesi ya kufukua maiti itaisha hizo nyanya zenu zikiwa na wajukuu."

Duarte aliuliza amesema nini. Waceke alimfasiria. Mreno alianza kutembea kuelekea gari lake.

Hapo ndipo Kyalo alipotoka kwenye kundi.

Kyalo si mtu wa maneno mengi. Ni mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kubeba kreti, mzee wa kanisa asiyekosa ibada. Alilinyakua lile jembe la uzinduzi, utepe mwekundu bado unaning'inia kwenye mpini.

"Kyalo, wacha!" alipiga kelele Waceke. "Ukifukua mtu ni jela!"

"Nikipata mtu, nifungwe. Na laana yake nitaibeba mimi, si nyinyi." Alivua kofia, akafumba macho, midomo ikacheza kwa maombi mafupi. "Mke wangu Nduku atalea watoto."

"Chifu! Mshike!" alifoka Mwas.

Chifu alishikwa na kikohozi cha ghafla. Kilikuwa kikohozi kirefu sana.

Jembe lilishuka. Udongo ulikuwa laini, wa kumwagwa tu. Watu walirudi nyuma wakishikana mikono, maana kufukua kaburi si mchezo, na hata waliojua mjane ni wa kukodi hawakujua kilicho chini. Kyalo alichimba akihema. Shimo halijafika magotini harufu ikatoka.

Ilikuwa harufu ya mauti. Nzito, tamu, ya kushika koo.

Mchungaji alishika pua. Mwanamke mmoja alianza kusali Baba Yetu. Waceke aliziba mdomo kwa kiganja. Mungu wangu, kumbe kuna mtu. Mjane ni wa uongo, lakini maiti ni ya kweli, na Kyalo amejitia kitanzi kwa sababu yangu.

Mwas alikuwa na kitambaa puani, na juu ya kitambaa macho yake yalikuwa yakicheka.

"Kuna kitu," alisema Kyalo kwa sauti kavu. "Kuna gunia."

"Usilifungue!" Waceke alilia.

Kyalo alilifungua. Aliingiza ncha ya jembe, akavuta, na gunia likachanika toka juu hadi chini.

Yalimwagika matumbo. Matumbo ya ng'ombe yaliyojaa mavi, mapafu yaliyogeuka kijani, kwato, na kichwa kizima cha ng'ombe kimekenua meno, funza wakitembea machoni. Uchafu wa machinjioni, umefungwa kwa kamba ya katani na kuzikwa kwa shada la maua.

"Ngai!" mjane aliruka kama aliyekanyaga makaa, akijipangusa kifua, mikono, uso. "Na mimi nimelala juu yake! Nimelala na mdomo!"

Sasa tulia kidogo msomaji, uliwaze jambo hili kama nilivyoliwaza mimi, maana bado linanichefua. Mwizi wa kuku huiba akakimbia. Ana njaa, ana woga, unaweza hata kumhurumia. Hawa hawakukimbia. Walikaa kwenye viti vya ngozi, wakaagiza chai, na mmoja wao akasema, jamani, tusisahau harufu. Wakajadili harufu! Mtu anayelipwa na wewe na mimi alimpigia mtu wa machinjioni simu, akachagua matumbo ya siku ngapi yatanuka kama baba wa mtu. Kisha akanawa mikono akaenda kufungua kikao kwa maombi. Ptu!

Tuendelee.

Watu walichemka. Wakulima wa Ngoliba walipiga mbinja, Cucu Wakonyo aliokota shada la maua akamtupia Mheshimiwa mgongoni, na waombolezaji wa Githurai wakaanza kudai bus lao kwa matusi. Mwas hakujibu hata moja. Alipangusa kiatu chake kwenye nyasi, cha kushoto, halafu cha kulia.

"Umeshinda ya leo, dada," alimwambia Waceke kwa upole. Upole wenyewe ulikuwa na uteute.

Kando ya gari lake, Duarte alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye bodi ya gari, akitapika. Waceke alimkimbilia na chupa ya maji.

"Umeona?" alisema akitweta. "Ardhi ni yetu. Hakuna kaburi. Umeona mwenyewe!"

Duarte alisukutua, akatema. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. "Nimeona," alisema. "Njoo ofisini mchana. Tuzungumze."

Gari lake liliondoka likatimua vumbi. Waceke aligeuka kumkumbatia Kyalo, mavi na yote, na kwa furaha hiyo hakuona gari lililomfuata Mreno. Laiti angeona.

Ofisi ya kampuni iko Ruiru, pale Kimbo, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabati na saruji. Waceke alinawa kwenye bomba la nyuma ya duka kabla ya kupanda. Alinawa mara ya pili kwa sabuni. Harufu ile ilikuwa imekataa kutoka, imekaa kwenye kucha.

Kwenye ngazi alisimama. Ameona mapafu ya kijani, sasa anapanda ndege, alijiambia. Nani angebaki? Alianza kupanga maneno ya kuwaambia wakulima, maneno ya kumwambia mama yake, na hakupata hata moja ambalo halikuwa na aibu ndani yake.

Duarte alikuwa amebadilisha shati. Alimwonyesha kiti.

"Nimezungumza na Lisbon," alisema.

"Tafadhali, kabla hujasema..."

"Tunabaki."

Waceke alifunika uso kwa viganja akalia. Alilia kwa sauti, bila kujali, kwa uchovu wa miezi yote ile ya kukalishwa kwenye mabenchi ya maofisi, ya kuambiwa rudi kesho, ya kuambiwa madam, si unajua mkono mtupu haulambwi. Tunabaki! Alitaka kukimbia dirishani awapigie kelele watu wote wa Kimbo.

"Mungu akubariki," alisema. "Sijui nikushukuruje."

"Kuna njia." Duarte alisukuma karatasi chache mezani. "Tumeongeza mwenye hisa. Theluthi moja. Itakuwa kwa jina lako."

Waceke alipangusa macho. "Langu? Mimi sina mtaji."

"Hutatoa kitu."

"Basi ni zawadi?"

Duarte alitazama kalamu yake. "Utazishika tu."

"Nimshikie nani?"

Kabla hajajibu, maji yalivutwa chooni. Mlango mdogo wa pembeni ukafunguliwa, akatoka Mheshimiwa Mwas, mshipi haujakaa sawa, anajipangusa vidole kimoja kimoja kwa taulo jeupe la Duarte.

"Sasa Waceke," alisema. "Poa?"

Waceke alimwangalia Mwas, akamwangalia Duarte, akarudi kwa Mwas, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenye ofisi na kulitupa taulo juu ya meza, karibu kabisa na karatasi.

"Asubuhi ulitapika kwa sababu ya huyu," Waceke alimwambia Duarte. Sauti yake haikuwa yake.

"Nilitapika. Halafu nikasukutua." Mreno aliinua mabega. "Nisikilize. Nikimkataa yeye, nitapambana na mtu wa maji, mtu wa leseni, mtu wa barabara, na keshokutwa kaburi lingine. Nikimkubali, yeye atawanyamazisha wote. Afadhali mmoja ninayemjua."

"Huyu ndiye aliyewatuma wote!"

"Ndiyo sababu anaweza kuwanyamazisha."

Mwas alicheka mpaka tumbo likacheza. "Huyu mzungu ni mwerevu. Ameelewa haraka kuliko wewe mtoto wa hapa."

"Na theluthi yake italipwa na nani?" Waceke aliuliza. Jibu alikuwa analijua. Alitaka walitamke.

Duarte alijikuna shavu. "Bei ya kilo kwa wakulima itashuka kidogo."

"Mlikubaliana bei! Kyalo alikupa mkono mbele yangu!"

"Alikubaliana na kampuni ya Lisbon peke yake. Sasa tuko wawili."

"Na watauza tu," aliongeza Mwas akijinyoosha. "Wataenda wapi? Hiyo nyanya ni ngumu kama jiwe. Sokoni utapatia nani? Mahindi mlishang'oa."

Waceke alihisi kinyaa kikubwa kuliko kile cha kaburini. Matumbo ya ng'ombe hayakuwahi kumchekea. Hayakuwahi kumpa mkono kanisani, wala kumwambia mama yake kwamba amelea binti jasiri, kama alivyofanya Duarte Jumapili ile akila irio kwa vidole.

"Kuna wawekezaji wengine," alisema. "Wenye heshima."

"Walikuwepo." Kwa mara ya kwanza Duarte alimtazama usoni, na hakukuwa na uovu katika macho yake, wala aibu. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka. "Walikuja kabla yangu. Walitapika kama mimi, halafu wakaenda kujenga kwingine. Wenye kinyaa waliondoka zamani, Waceke. Umebaki na mimi."

"Kwa nini jina langu? Weka lake!"

"Mimi?" Mwas alishika kifua kana kwamba ametukanwa. "Jina yangu ikionekana hapo, wapelelezi wa ufisadi wataniamkia mlangoni. Mke wangu, vile vile. Lakini wewe! Wewe unaaminika mpaka kanisani. Nimetafuta jina safi wadi nzima, na mwenye nalo ni wewe tu."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa anaenda airport." Mwas alimwonyesha dirisha kwa kidevu. "Na wewe ushuke uwaambie."

Wakati huo huo wimbo ulisikika kutoka barabarani. Waceke alikwenda dirishani. Lile lori la kijani lilikuwa limesimama mbele ya duka la mabati, na wakulima walikuwa wakishuka wakiimba, wanaume kwa wanawake, Wakamba wakirukaruka na Wakikuyu wakipiga makofi. Mtu alikuwa amewapelekea habari kwamba kiwanda kimepita. Huhitaji kuambiwa ni nani.

Katikati yao alikuwa mama yake Waceke, leso kiunoni, amesahau ugonjwa wa goti, akicheza. Alimwona binti yake dirishani, akainua mikono yote miwili.

"Waceke! Ngai akurathime! Mungu akubariki, mwanangu!"

Waceke alimpungia mkono. Machozi yalimjaa akayazuia. Akikataa, watu wale wataimba hadi atakaposhuka ngazi, kisha wataacha, na miche itakauka kwenye vitalu. Akikubali, wataendelea kuimba. Watalima, watauza, kila msimu bei itamegwa kidogo, na siku watakapouliza nani anawamega, watakuta jina lake kwenye karatasi.

Aligeuka. Akarudi mezani. Akachukua kalamu.

"Mtoto ameiva!" Mwas alipiga paja. "Nilikuambia, Duarte. Kila mtu hupiga kelele kwanza. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na yake tumeirefusha leo."

Waceke alizikusanya zile karatasi, akazipanga vizuri, akazibana kwapani.

"Nitatia sahihi," alisema.

"Basi saini."

"Si hapa. Chini, mbele yao. Nitawasomea kila mstari kwanza, Kikuyu na Kikamba, Kyalo atanisaidia. Halafu wewe, Mheshimiwa, utasimama kando yangu uwaambie kwa mdomo wako hiyo theluthi ninamshikia nani. Wakisema nisaini, nasaini."

Kicheko cha Mwas kilikatika. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama kweli alikuwa amefunga gunia sawasawa. Kisha aliinuka. Kwa mtu mnene alitembea bila kelele yoyote. Alifika mlangoni kabla ya Waceke, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

"Hapa juu ndio unasaini," alisema. Sauti ya dada na poa ilikuwa imekwisha.

Waceke alimgeukia Duarte. Mreno aliinuka polepole kutoka kitini, na Waceke akaona nuru ya tumaini, maana huyu, chochote alichokuwa, alikuwa amekula nyumbani kwao. Hangekubali mwanamke afungiwe chumbani.

"Duarte, mwambie afungue."

Chini, mama yake alikuwa bado anaimba. Waceke hakungoja jibu. Alikimbilia dirishani, akavuta pumzi amwite Kyalo kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Mkono ulipita mbele ya uso wake. Kitambaa kizito kilishuka, wimbo ukafifia, na chumba kikawa giza mchana mchana.

Mlango ulifungwa na Mwas. Pazia lilifungwa na Duarte.